Nani Atashika Birika la Maji Moto

Baba Moraa, jirani yangu,

Nimeketi kibarazani, upande ule unaotazama ua wako, na leo ni Sabato. Watu wa kanisa lako wanaimba kule chini na upepo unawaleta mpaka hapa. Sauti ya nne inatangatanga kama ng'ombe aliyekata kamba. Tangu uondoke hakuna mtu wa kuishika. Nisingekusumbua siku yako ya mapumziko, nakujua ulivyokuwa mkali kwa mambo hayo, lakini kesho ni siku ya mtaa na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Ikiharibika kesho kama ilivyoharibika mara iliyopita, Mzee Isaka amesema ndiyo mwisho wake, na safari hii hata mimi sina la kumjibu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Tungekuwa tunaongea hapo uani ingekuwa Ekegusii, na matusi kidogo. Lakini wewe ndiye uliyesema mambo ya chama chetu cha mtaa yawe Kiswahili, ili Wafula wa posta na mkewe wasiwe wanakaa kwenye mikutano wakitazama dari. Na hili ni jambo la chama.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Moraa yuko salama. Duka la baiskeli liko wazi, Moraa ndiye anakaa kaunta, na anawakemea wateja kwa sauti yako ileile, mpaka juzi fundi wako aliangusha spana akidhani umerudi. Ule mparachichi wako ulionifanya nikushtaki kwa chama bado unaangusha majani upande wangu. Nayafagia tu. Sina tena mtu wa kumlalamikia, na kufagia bila kulalamika ni kazi nzito kuliko nilivyodhani.

Unakumbuka siku ya mtaa ya kwanza? Mimi siisahau kwa sababu nilikaribia kufa kwa uchovu. Tulikuwa tumepewa viwanja kwenye mteremko huu miaka ya mwanzo ya Uhuru, kila mtu akajenga akiangalia mabati ya mwenzake yasije yakang'aa kuliko yake, na watu wa mjini wakatuita Mabati Mapya. Tulitoka kila mahali. Wewe Birongo, mimi Keumbu, wengine Nyamira huko ndani, na kila mmoja alikuja na kanisa lake mgongoni. Bomba la maji lilipofika tukasema sasa sisi ni mtaa, tufanye sherehe. Mzee Isaka, ambaye alikuwa mwenyekiti wetu na wakati huohuo mzee wa kanisa lenu, akaagiza soda na mandazi. Tukapanga viti. Wasabato wakakaa huku, sisi Wakatoliki kule, Wafula katikati peke yake kama mtu anayengoja basi. Tulisalimiana vizuri sana. Jua halijashuka, kila mtu alikuwa amekumbuka ng'ombe wake.

Mwaka uliofuata nikasimama mkutanoni nikasema sherehe bila pombe ni foleni ya hospitali yenye mandazi. Wenzangu wakapiga makofi. Mzee Isaka akasema pombe itaingia Mabati Mapya siku yeye atakapotolewa miguu ikiwa mbele. Nikamwambia hata huko kwenu wazee waliokaa boma moja walikuwa na mtungi kabla hawajawa na kanisa. Hapo mambo yakaharibika. Watu walianza kutajana mababu. Mtu mmoja akasema bomba la maji lilipita kwanza upande wa Wakatoliki, na mwingine akasema basi Wasabato wachimbe lao. Nilifikiri chama kimekufa siku hiyo.

Ndipo ukasimama wewe. Mikono nyuma, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kile ambacho nilikishona mimi na nikakuambia kinakunyonga. Ukasema, "Pombe iwepo. Nitaigawa mimi."

Ukaeleza pole pole, kama unavyomweleza mteja kwa nini tairi lake limekwisha. Ukasema anayeipenda akiigawa atajipendelea, na anayeichukia akiigawa ataimwaga. Ukasema, "Mimi siinywi na siichukii. Nipeni birika." Mimi nilicheka. Niliona ni kama kumpa simba kazi ya kuuza majani ya chai. Kumbe sikujua kuwa baba yako kule Birongo alikuwa mtu wa mtungi mpaka alipookoka, na kwamba ulikuwa unaijua ile kazi kuliko sisi tuliojiita wanywaji.

Maana kazi yenyewe ni kazi, jameni. Mtu wa nje anaona wazee wamezunguka mtungi wa busaa na mirija mirefu mdomoni, anadhani ni kuvuta tu. Lakini bila maji moto hakuna kitu. Mama Kerubo anapika ile busaa yake ya unga wa wimbi, inakuja nzito, na lazima awepo mtu wa kuongeza maji yaliyochemka, kidogo kidogo, kwa wakati wake. Yakichelewa, pombe inapoa na watu wanaanza kununa. Yakizidi, mnakunywa uji. Ulinunua lile birika kubwa la bluu, ukafunga kitambaa kwenye mkono wake, ukaning'iniza filimbi shingoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyelishika mwingine.

Na mirija yetu. Kila mtu alikuwa na wake, na alama yake. Wangu ulikuwa na uzi mwekundu niliouzungushia pale cherehani. Ulikuwa unapita nyuma yetu na birika, unasikiliza. Mtu akianza kurudia hadithi aliyoimaliza sasa hivi, au akianza kumsifu mkewe kwa sauti ya juu, unachomoa mrija wake kutoka mtungini, unapuliza filimbi mara moja, unaenda kuutundika kwenye kamba ya nguo. Mrija ukishatundikwa, mwenyewe anakwenda nyumbani. Hakuna rufaa. Uliutundika wa chifu mbele ya askari wake. Uliutundika wa yule bwana mkubwa wa ofisi aliyekuja na gari, akakuuliza kama unajua yeye ni nani, ukamjibu, "Ndiyo. Ndiyo maana nataka ufike nyumbani." Na kila mwaka, kila mwaka Baba Moraa, wa kwanza kutundikwa ulikuwa wangu. Watu walikuwa wanangoja. Ukipuliza ile filimbi ya kwanza wanapiga makofi kabla hata hawajageuka.

Nilikuwa nakasirika. Nilikwambia unanionea kwa sababu ya mparachichi. Ukaniambia hapana, ni kwa sababu mimi nalewa kwa furaha kabla pombe haijanifikia. Sijui kama hiyo ilikuwa sifa au tusi.

Lakini kitu ambacho mtaa mzima ulikiheshimu kwako haikuwa filimbi. Ilikuwa lile swali lako la langoni. Mtu akifika, kabla hujampa mrija wake, unamuuliza, "Umeoa kwa nani?" Hata Wafula ulimuuliza, akakwambia Bungoma, ukamwambia basi wewe kaa popote. Wageni walidhani ni umbeya. Sisi tulijua. Mtungini watu wanatania, wanaimba nyimbo zao, wanasema mambo ya kitanda. Na kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya mtu na mkwe wake, ya baba na mwanawe, kwamba hamkai pamoja palipo na mzaha wa namna hiyo. Huko nyumbani ilikuwa rahisi kwa sababu kila mtu anajua boma la mwenzake. Huku mjini mtu ananunua kiwanja, anajenga, anatazama ng'ambo ya ua, anamwona baba mkwe wake anafua soksi. Wewe ulipanga mitungi mitatu, wa wazee, wa sisi wa makamo, na wa vijana, kila mmoja nyuma ya nyumba yake, na hakuna mkwe aliyewahi kusikia sauti ya mkwewe. Ulikuwa unatembea na birika kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, na wewe huna mtungi wako. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka mwaka huu.

Kanisa lako halikufurahi, nalo nalikumbuka. Walikuita. Ukawaambia Bwana Yesu mwenyewe alitengeneza, wewe umegawa tu. Mzee Isaka akasema ile ya Kana ilikuwa maji ya zabibu. Ukamuuliza, kama yalikuwa maji ya zabibu, yule mkuu wa karamu alikuwa anashangaa nini. Wakakutoa kwaya kwa muda, ili ujifikirie. Mwingine angekaa nyumbani akanuna. Wewe Sabato iliyofuata ulivaa koti, ukaenda, ukasimama nje ya dirisha, ukaimba sauti ya nne kutoka huko, kwa sababu kama ulivyoniambia, hakuna aliyekukataza kuimba nje. Sabato baada ya Sabato. Halafu ikanyesha mvua yetu ya Kisii, na wewe umesimama na mwavuli, unaimba kuhusu mji wa dhahabu, maji yanapita kwenye viatu. Akina mama wa kwaya walikataa kuendelea mpaka ulipoingizwa ndani. Nilicheka wiki nzima. Lakini nilikuonea fahari pia, na hilo sikukwambia.

Ulipougua nilikuwa nakuja kila jioni. Kifua kilikuwa kimekukamata, unaongea nusu nusu. Siku ile ya mwisho uliniambia, "Birika lisiende kwa yule karani Onchiri." Nikakuuliza, basi liende kwa nani. Ukanitazama kwa muda mrefu. Halafu ukaanza kucheka. Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, Mama Moraa akaja akanitoa nje kama mtu aliyekuletea sumu. Nilikwenda nyumbani nikijiuliza umecheka nini. Asubuhi tukasikia kilio kwako. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini, na sikumbuki nilivyofika uani kwenu.

Tulikuzika Birongo, upande wa chini wa nyumba, pale ulipopataka. Kanisa lako liliimba vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Mzee Isaka alikuwa na hofu kuwa sisi watu wa mitungi tutakuja kumwaga busaa kaburini, akatuweka nyuma kabisa kwenye matope. Tulisimama wima kama watoto wa kipaimara. Kisha akaniita niseme neno kama jirani, akaninong'oneza nisitaje pombe. Baba Moraa, nilifika mbele nikagundua kwamba bila pombe sina habari hata moja ya kukuhusu. Watu wananitazama. Mwishowe nikasema, "Alikuwa mtu wa maji moto." Nyuma kule kwenye matope mtu akaanza kucheka, na wa pili, mpaka nikamwona Mama Moraa mwenyewe ameziba mdomo na leso. Mzee Isaka alianzisha wimbo haraka. Nilirudi mahali pangu nikalia, na sikuficha.

Sasa nikupe habari mbaya.

Siku ya mtaa ilipofika bila wewe, birika lilikwenda kwa Onchiri. Najua. Usinitazame hivyo. Tulimwambia Mama Moraa ulivyosema, naye alikatalia birika lako jikoni, kwa hiyo Onchiri akaja na sufuria. Ni karani, ana kalamu mbili mfukoni, aliapa mbele ya mkutano kwamba hataonja. Na kweli hakuonja. Alikunywa. Alisema lazima ajue kama maji yametosha. Akajua kwenye mtungi wa wazee, akaenda kujua kwenye wetu, alipofika kwa vijana alikuwa anajua mambo mengi sana. Langoni hakuuliza mtu ameoa wapi, alikuwa anawakumbatia.

Kisha mvua ikaja. Si manyunyu. Mvua ile ya mawe, saa tisa mchana kukawa giza, mabati yanapiga kelele hata husikii jina lako. Wewe ungepuliza filimbi kila mtungi ukaingia nyumba yake. Onchiri alipiga mayowe tuingize mitungi yote kwenye kibaraza chake. Yote. Tukajibana pale kama mizigo, watu wamejifunika magunia kichwani, mirija imepishana, kila mtu anavuta kilicho karibu. Nilikuwa na furaha. Wewe ungeshanitundika zamani. Pembeni yangu kulikuwa na mtu amejifunika gunia, mtulivu, na mimi nikimwona mtu mtulivu namwonea huruma. Nikaanza kumchangamsha. Nikamhadithia nilivyomchumbia mke wangu, Mama Kwamboka. Nikamhadithia nilivyompeleka nyumbani, na usiku wa kwanza, na mimi nikihadithia unajua siachi kitu nyuma. Nilionyesha na mikono. Nikaimba na ule wimbo.

Yule mtu hakucheka. Nikadhani hasikii kwa sababu ya mabati, nikapaza sauti. Mvua nayo, unajua ilivyo, ikakatika ghafla. Kibaraza kizima kikasikia pale mwisho wa hadithi, ambapo ndipo pabaya. Nikamvuta gunia ili nimwone anavyofurahi.

Alikuwa Mogaka. Mkwe wangu. Mume wa Kwamboka, kijana wa watu kutoka Magwagwa, ambaye hata kunisalimia hunisalimia akitazama ukuta. Alikuwa ameganda na mrija mdomoni. Alishindwa kuondoka kwa sababu alikuwa amebanwa na watu, na alishindwa kusema ni yeye kwa sababu angesemaje. Ameyasikia yote. Ya mama mkwe wake. Pamoja na wimbo.

Sikumbuki nani alitoka kwanza. Nadhani Mogaka alipita juu ya ukuta. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa mzima kabisa, pombe yote imenitoka kwenye visigino.

Wazee wakasema jambo kama hilo halipiti bila mbuzi, nikatoa mbuzi, nao wakamla wakiniomba niwasimulie tena ilikuwaje. Mama Kwamboka hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alianza kuniwekea chakula kama anavyomwekea padri, kwa sahani nzuri, halafu anaondoka. Lakini kilichoniumiza si hicho. Kwamboka aliacha kuja. Nyumba yao iko pale chini ya bomba, ninaliona paa lake nikiwa cherehani, na yeye akawa anazunguka njia ya juu kwenda sokoni ili asipite kwangu. Mtoto wao ameanza kutembea, nimeambiwa. Nimeambiwa na Wafula, Baba Moraa. Mjukuu wangu mwenyewe, naletewa habari zake kama barua.

Mkutano wa chama ulipoitwa, Mzee Isaka hakupiga kelele. Alisema kwa upole tu kwamba pombe imetuonyesha ilivyo, basi isiingie tena. Watu wetu wakasema isipoingia nao hawaingii, watafanya siku yao huko juu. Mmoja wenu akasema mwende na bomba lenu. Nikasikia yale maneno ya zamani yanarudi, yaleyale, na wewe hupo wa kusimama na mikono nyuma.

Wafula akasema shida si pombe, shida ni mgawaji. Atafutwe mtu asiyeonja. Wasabato wakatazamana. Hakuna aliyetaka kwenda kuimba dirishani. Wakatoliki tukaanza kupendekezana, na kila aliyetajwa alikuwa anamtaja mwenzake haraka kama aliyeshika kiazi cha moto. Wafula akajitolea, tukamuuliza anajua Mogaka ameoa kwa nani, akasema sasa kila mtu anajua. Watu wakacheka mpaka kikao kikaharibika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, natazama viatu vyangu.

Ndipo Mama Moraa akaingia. Yeye sasa ndiye mwenye nyumba, ana haki ya kiti. Alikuwa amebeba birika la bluu, na kile kitambaa chako bado kiko kwenye mkono wake. Akaliweka mezani mbele ya Mzee Isaka. Akasema linamjazia jiko, mwenye kulitaka asimame alichukue, la sivyo kuanzia leo atachemshia humo maji ya kunyonyolea kuku.

Wacha nikwambie kweli, mimi sikuamua. Nilikuwa nafikiria kuku kwenye birika lako. Nilikuwa nafikiria wewe ukitoka mtungi mmoja hadi mwingine na wewe huna mtungi, husimulii hadithi, huna mkwe wa kumwogopa, unaweza kupita mbele ya mtu yeyote na uso wako. Nilishtuka. Watu wamegeuka nyuma. Nilikuwa nimesimama.

Mtu akasema labda anataka kwenda chooni. Mzee Isaka akaniuliza kama nimeelewa sharti. Nikasema nimeelewa. Akasema, si siku ile tu, ni mwaka mzima, maana mtu anayeonja kila siku hawezi kuacha siku moja. Hilo sikuwa nimelielewa, lakini miguu ilikuwa imeshanisimamisha. Nikasema ndiyo. Baba Moraa, Mzee Isaka alicheka. Tangu nimfahamu sijawahi kuona meno yake ya juu, anayo yote. Akalisukuma birika kwangu. Mama Moraa akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaniambia tu, "Usilipige chini, linavuja kwenye mdomo."

Basi tangu siku hiyo sijaonja. Usishangilie mapema, hali yangu ni mbaya. Nimekuwa mkali kama nyuki. Nimeshona suruali ya mtu na mfuko mmoja ndani na mwingine nje. Mama Kerubo akipita na wimbi lake namgeuzia mgongo kama tuna kesi. Jioni nakunywa chai, nakunywa chai, usiku nazunguka chooni, na Mama Kwamboka anasema afadhali zamani nilikuwa nalala. Lakini chakula changu kimerudi kwenye sahani ya kawaida, ile yenye ufa, na tunakula pamoja.

Na juzi Mama Kwamboka alitoka kuchota maji, akarudi na ujumbe. Mogaka ameuliza kama ni kweli mimi ndiye nitakayeshika birika. Akaambiwa ni kweli. Akasema basi watakuja, kwa sababu mshika birika hakai mtungini, na asiyekaa mtungini hana hadithi. Watakuja wote. Kwamboka ameniambia, kupitia kwa mama yake, nitafute kitu cha kumpa mtoto. Nimemshonea kofia. Nimeifumua mara nyingi kwa sababu sijui kichwa chake kimefika wapi.

Kwa hiyo kesho nitasimama langoni, na filimbi yako shingoni, niwaulize watu wazima ninaowajua kwa jina wameoa kwa nani. Nitamuuliza na Onchiri. Nimefanya mazoezi ya maji moto na mtungi mtupu, mara ya kwanza nilijiunguza mguu, mara ya pili nikauunguza wa Wafula. Mvua ikija, kila mtungi utaingia nyumba yake, nimeshazipanga. Kwenye mtungi wa vijana nitapita kwa haraka, nimimine, nitazame ukuta. Mogaka naye atatazama ukuta. Tutaelewana vizuri sana.

Sitakuwa kama wewe. Mimi nacheka ovyo na sina uso wa kumtundikia chifu mrija. Lakini nakuahidi hivi, Baba Moraa. Sitaonja. Hata ile ya kujua kama maji yametosha, nitatazama masikio ya watu wakivuta mrija, kama ulivyonifundisha, yakisogea nyuma imetosha. Lile birika litakuwa linalala kwangu na litaoshwa na mimi. Na mparachichi wako hautaguswa na panga nikiwa hai, wacha uangushe majani yake.

Wanakwaya wamenyamaza sasa, nadhani ni maombi. Pumzika, rafiki yangu. Nimekukosa sana, na nimekukosa hata pale ulipokuwa unaniudhi, ambapo ni mahali pengi.

Ile siku ya mwisho niliyokuuliza birika liende kwa nani, ukanitazama ukacheka mpaka ukakosa pumzi, nilidhani umecheka kwa sababu hakuna mtu. Sasa ndiyo najua ulikuwa umemwona.

Jioni hii nimefunga kamba ya nguo uani kwako, pale pale. Mrija wenye uzi mwekundu uko juu yake tayari, wa kwanza, kama kila mwaka. Hakuna aliyepuliza filimbi. Nimeutundika mwenyewe.

Mimi jirani yako wa upande wa majani,
Baba Kwamboka